Kasuku wa Memsahib na Gunia Lenye Macho

Mpishi akidanganya hujulikana kabla sahani haijaisha. Mimi nimepika maisha yangu yote, kwa hiyo sina mazoea ya uongo. Nimesema uongo mmoja tu mkubwa, nao utausikia. Haya mengine yachukue kama yalivyo. Nilikuwa ndani ya ndege ya abiria, mchana kweupe, sijaonja hata tone la pombe, na mtu ambaye hakuweza kuwa pale alikuja akaketi kando yangu tukaongea. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Huko mbele hutapata nafasi.

Ilikuwa miaka ya emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Mimi ni Mumeru wa Kanyakine, lakini kazi ilinipeleka Embu, nyumbani kwa bwana mmoja Mzungu, afisa wa serikali. Wakati ule sisi Wameru, pamoja na Waembu na Wakikuyu, hatukuweza kwenda hata kumjulia hali mgonjwa bila pasi ya serikali. Mke wangu alikuwa Kanyakine, ndani ya kijiji cha kulazimishwa, kimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Nilimwona mara mbili kwa mwaka, na tulipoonana tulikaa kimya, maana hakuna aliyejua nani anasikiliza nyuma ya ukuta. Kisha nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya jikoni, nikaketi peke yangu nikisikiliza sufuria zikipoa. Upweke wa namna hiyo usiombe ukujue.

Memsahib, mke wa bwana, alikuwa na kasuku wawili wa kijivu wenye mikia myekundu, walioletwa kutoka Kongo. Dume alimwita Kingi, jike akamwita Kwini. Kingi aliuma kila mtu. Kovu lake ninalo kwenye kidole hiki. Aliyeweza kuwashika bila kuumwa alikuwa mmoja tu, Nyaga, mfanyakazi wa bustani, Mmbeere wa upande wa Kiritiri. Kila alipotoka likizo alirudi na kifuko cha mwere, ile nafaka ndogo ya kwao isiyojali ukame. Alitia punje kiganjani, akagonga ulimi mara tatu, akasema kwa upole, "Kujeni wazee wangu, kujeni." Kingi alijifunza maneno hayo kwa sauti ileile ya Nyaga, hata Memsahib alikuwa akiita "Nyaga!" kutoka dirishani, kumbe anamjibu kasuku.

Nyaga alikuwa rafiki yangu. Nalisema hili sasa ili ulijue kabla hujasikia linalofuata.

Siku moja askari waliwakusanya wafanyakazi wote wa mji kwenye uwanja wa mpira ili wachujwe, nani amekula kiapo cha watu wa msituni na nani hajala. Kulikuwa na utaratibu wake. Mtu mmoja alivikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, akasimamishwa pembeni. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akiinamisha kichwa, yule aliye mbele yake alipakiwa kwenye lori. Watu wetu waliliita gakunia, na hata leo ukilitaja jina hilo mbele ya wazee fulani watainuka waondoke. Hakuna aliyejua nani yumo ndani.

Niamini ninapokwambia. Siku ile, ndani ya gunia, nilikuwa mimi.

Sikuomba. Afisa mmoja aliniita alfajiri akasema mpishi anajua watu wote wa mji, basi nichague, niingie ndani ya gunia au niingie ndani ya lori. Nilimfikiria mke wangu. Nililifikiria tumbo langu pia, sitakuficha. Woga hauna adabu. Nikaingia. Niliinamisha kichwa kwa watu wawili ambao nilijua majina yao askari wanayo tayari, nikajiambia kwamba sijamdhuru mtu. Kisha akaja Nyaga. Nyaga hakuwa na kiapo chochote, dunia yake ilikuwa mke wake, mbuzi zake na wale kasuku. Alisimama mbele yangu akatazama chini, akaona viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya turubai vya kahawia, masalio ya bwana, kimoja nimekishona kwa uzi mwekundu, na uzi wenyewe ni Nyaga aliyenipa. Akainua uso, akayatazama macho yangu kupitia yale matundu. Hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango wake umefungwa kwa ndani.

Nikaona amenijua. Nikaona jioni atawaambia wenzake. Ndipo nikainamisha kichwa.

Tangu siku ile Kingi hakusema tena "kujeni wazee wangu." Memsahib alijaribu kumbembeleza kwa karanga na biskuti, wapi! Ndege alikaa kimya akinitazama kwa jicho moja nikipita na sinia la chai.

Mke wa Nyaga aliitwa Marigu. Alikuwa akija kwa miguu kutoka Kiritiri, pasi yake imekunjwa ndani ya leso, anasimama kwenye mlango wa jikoni kuniuliza habari, kwa kuwa mimi ndiye rafiki wa mumewe. Ofisini walimwambia mara amehamishwa kambi, mara ametoroka ameingia msituni. Mwanamke yule alikuwa ameweka nadhiri.

"Wembe haitagusa kichwa yangu mpaka nijue," aliniambia. "Akirudi nitanyoa na furaha. Kama alikufa nitanyoa na kilio. Lakini hii ya katikati, Mumeru, hii ya katikati mimi sijui kuifanya."

Lazima uelewe maana yake. Wanawake wa rika lake siku zile walinyoa vichwa mpaka vikang'aa. Na mume akifa, mjane hunyolewa. Kabla hajanyolewa, kilio hakijaanza, na kilio ambacho hakijaanza kitaisha lini? Nywele za Marigu zilikuwa zimesimama na kufungamana, na watoto wa njiani walimcheka.

"Sijui, mama," nilimjibu, nikampa mkate. Alikuja mara nne, na mara zote nne nilimpa mkate.

Mwaka uliofuata Memsahib alichoka kulala na bastola chini ya mto. Akamchukua mtoto wao wakaenda Mombasa kungoja meli ya kuwarudisha Ulaya. Wale kasuku aliwaacha Embu. Kisha simu ikapigwa, Memsahib analia, bila Kingi na Kwini hasafiri, na meli inaondoka kesho yake jioni. Gari moshi lisingewahi. Bwana alikuna kichwa, akanunua nafasi katika ndege ya abiria kutoka Nairobi. Wenye ndege wakasema kasuku hawapandi bila mtu wa kuwatunza. Basi akanunua tiketi nyingine, na hiyo ilikuwa yangu.

Mimi! Mtu asiyeruhusiwa kwenda hata Runyenjes, hapo karibu na Embu, bila pasi, sasa nipae juu ya mawingu kwa heshima ya kasuku! Bwana aliniandikia barua tatu zenye mihuri, akaniambia wakinisimamisha nisiseme neno, nionyeshe barua kisha nionyeshe kasuku.

Sasa sikiliza kosa langu. Kasuku akisafiri lazima tundu lake lifunikwe, la sivyo hujing'oa manyoya kwa hofu. Kitambaa cha kufunikia, Kingi alikuwa amekitafuna chote. Niliingia stoo ya bwana kutafuta kitu, nikakuta gunia moja safi, limekunjwa vizuri, lina matundu mawili. Nililijua. Ungekuwa wewe usingelijua? Lakini nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linanguruma nje, na sisi watu wa kwetu hatutupi kitu ambacho bado kina kazi. Nikajiambia gunia ni gunia tu, na yale matundu yatawapa kasuku hewa. Nikalivisha tundu. Lilikaa sawasawa, kana kwamba lilishonwa kwa kazi hiyo.

Nairobi walinisimamisha mara tano. Mara tano nilionyesha barua kisha nikafunua kona ya gunia, askari wakacheka wakaniachia. Kwenye ndege niliwekwa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, tundu miguuni pangu. Abiria wengine wote walikuwa Wazungu, isipokuwa Mhindi mmoja mwenye tai. Kiti cha kando yangu kilibaki kitupu, maana nani alitaka kuketi na mpishi Mwafrika na harufu ya kasuku? Binti Mzungu anayehudumia abiria alipita na peremende za kutuliza masikio, akanipa mbili. Ndege iliponyanyuka, tumbo langu lilibaki Nairobi. Nilishika tundu kwa mikono miwili nikasali sala zote za Mishenari na nyingine ambazo Mishenari walitukataza.

Tulipotulia juu, nilihisi upweke ambao sijapata kuuhisi tena. Chini nchi nzima ilikuwa kama ngozi iliyoanikwa, na hakuna hata mtu mmoja juu yake au ndani ya ile ndege aliyejua mimi ni nani. Nikawaza, hata hii ikianguka sasa, bwana atawalilia kasuku.

Hapo ndipo niliposikia ulimi ukigongwa mara tatu.

"Kujeni wazee wangu, kujeni."

Nilifurahi kwanza. Nikadhani Kingi amefungua kinywa chake hatimaye. Nikainama nikatazama ndani kupitia tundu moja la gunia. Kingi alikuwa amefunga mdomo. Alikuwa amenyoosha shingo, anatazama kando yangu, na Kwini naye vilevile. Nikageuza kichwa polepole.

Nyaga alikuwa ameketi kwenye kile kiti kitupu.

Alikuwa amevaa shati jeupe la kambini lisilo na kola, mikono imewekwa magotini, miguu mitupu imejaa vumbi jekundu hadi vifundoni. Alikuwa amekonda. Je, niliogopa? Hapana, bado. Akili ya mtu ni kama punda, hutafuta njia aliyoizoea. Nikafikiri serikali imemwachilia, wamempa ndege kwa sababu fulani ya serikali. Mfungwa kwenye ndege ya abiria! Lakini mimi mwenyewe nilikuwa pale na kasuku, nani angesema lipi haliwezekani?

"Nyaga!" nikasema kwa sauti ya chini. "Wamekuachilia?"

"Wameniachilia, Mumeru," akasema. "Hata langoni hakuna mtu aliuliza pasi."

Nilimpa peremende yangu ya pili. Aliitazama kiganjani mwangu.

"Kula wewe. Mdomo yangu iko na mchanga."

Ndipo nikauona, mchanga mwembamba kwenye pembe za midomo yake. Binti wa ndege akaja na chai wakati uleule. Aliinama kunipa kikombe, mkono wake ukapita katikati ya kifua cha Nyaga kama unavyopita kwenye moshi wa jikoni, na hakuona kitu. Akatabasamu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama kasuku wazuri. Nikasema wazuri. Nikapokea kikombe nisikitazame, chai ikamwagikia viatu vyangu.

Alipokwenda, nikauliza lililokuwa kooni. "Umekuja kunichukua?"

Nyaga alicheka kidogo, kile kicheko chake cha bustanini. "Nikupeleke wapi? Kule hakuna jikoni."

Injini zilinguruma. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa natazama miguu yake.

"Nilikujua na viatu," akasema.

"Najua."

"Sikuwa nataka kuambia mtu. Ile siku niliona ni wewe, nikasema moyoni, huyu ameshikwa pabaya, nitamnyamazia. Hata jina yako singetaja."

Wewe unayenisikiliza, nimepigwa na askari, nimezika watoto wawili, nimezika na mke. Sijawahi kuumizwa na kitu kama maneno yale. Nililia mle ndani ya ndege ya Wazungu, nikajifuta kwa mkono wa kanzu yangu ya kazi, na yule Mhindi mwenye tai akageuka akanitazama, kisha akatazama mbele haraka.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi sikuja juu yako," akajibu, wala hakusema kwa ukali. "Nimekuja juu ya kichwa ya Marigu. Mwambie nimekufa. Mwambie anyoe."

"Ataniuliza nani ameniambia."

"Basi mwambie nani."

"Atauliza ilikuwaje ukachukuliwa. Atajua ni mimi."

"Basi ajue. Ukimpelekea nusu hatashika, Mumeru. Huyo ni mwanamke wa kupepeta, anajua makapi." Akainama, akainua kona ya gunia, akapitisha mkono katikati ya vyuma. Kingi, yule mwovu, aliinamisha kichwa akakunwa shingo. Nyaga akawanong'oneza kitu kwa Kimbeere ambacho sikukisikia vizuri. Kisha akanyoosha kidole dirishani. "Mimi nashukia pale."

Nikageuka kutazama. Chini kulikuwa na nyika nyekundu isiyo na mwisho, reli imepita katikati, na kando ya reli safu kwa safu za mabati ya kambi yaking'aa juani. Yalikuwa mengi kuliko nyumba za Embu yote. Niliyatazama mpaka yakapita nyuma ya bawa. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu, na ule mkanda wa kujifungia umelala jinsi ulivyokuwa tangu Nairobi.

Unadhani niliota? Mimi pia nilitaka iwe ndoto. Lakini Mombasa, pale bandarini, Memsahib alipolivua gunia na kuwabusu kasuku wake, aliuliza hizi takataka ni za nini. Sakafu ya tundu ilikuwa imejaa makapi ya mwere, mapya, meupe. Mimi niliwafungia alizeti na karanga. Mwere ulikuwa haujaingia nyumba ile tangu Nyaga alipochukuliwa.

"Ni chakula cha kwetu, Memsahib," nikasema.

Alinishukuru kwa kunishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote. Walipokuwa wakipandishwa melini, nilimsikia Kingi akiita kwa sauti ya Nyaga, "Kujeni wazee wangu," mara nyingi, mpaka makelele ya bandari yakamfunika. Gunia nililiacha palepale chini. Nikarudi kwa gari moshi, daraja la tatu, na usiku ulipoingia tukiwa nyikani nilifunga macho nisiione kambi ile.

Sasa huu ndio uongo wangu.

Niliomba pasi ya siku moja kwenda Kiritiri kununua makaa ya jikoni. Nikamkuta Marigu nje ya nyumba yake, anachambua kunde kwenye ungo. Nywele zake zilikuwa zimefika mabegani. Alinipa kigoda na kibuyu cha uji, akangoja ninywe kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha nikasema, "Mama, nimesikia Nyaga alikufa."

Mikono yake ilisimama. "Nani alisema?"

Ulimi ulikuwa wangu. Hakuna askari aliyekuwa pale, hakuna lori, hakuna gunia. Kuku tu na yeye.

"Watu," nikasema. "Nimesikia kwa watu."

"Watu," akarudia. "Watu walisema pia ako Uganda, ameoa mwingine. Watu walisema alionekana Meru akiuza nyama. Kunywa uji, Mumeru, itapoa." Akaendelea kuchambua kunde zake.

Nilirudi Embu na makaa yangu. Usiniulize kwa nini sikusema. Nilijiambia mengi njiani, kwamba atawaita wanaume wa ukoo waniue, kwamba mke wangu atabaki peke yake, kwamba kumbukumbu ya mtu angani si ushahidi. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Niliona afadhali yeye abaki katikati kuliko mimi nijulikane.

Mvua zikaja zikaenda. Nilianza kumimina chai vikombe viwili kila jioni, kimoja changu, kingine nakiweka upande wa pili wa meza. Nilitamani Nyaga arudi, hata kama ni kunitukana. Niliacha mlango wa jikoni wazi, nikaweka kiganja cha mwere dirishani. Hakuja. Hilo liliniuma kuliko chochote, kwamba hata aliyekufa alikuwa hana haja tena na mimi. Alikuwa amenipa kazi moja, nami sikuifanya, basi.

Kilichonipeleka mara ya pili ni kitu kidogo. Mwanamke mmoja muuza viazi sokoni Embu alikuwa akiwachekesha wenzake kuhusu kichaa wa Kiritiri ambaye nywele zake zina chawa na ambaye hunyoosha shingo kila lori likipita. Wote walicheka. Mimi pia nilijikuta nimecheka, kwa mazoea ya kucheka na watu. Nikaweka kikapu chini palepale. Sikuomba hata pasi; nilitembea njia za mbuzi siku nzima mpaka Kiritiri.

Nilimwambia yote. Nilianza na uwanja wa mpira. Nikamwambia nani alikuwa ndani ya gunia, na viatu, na uzi mwekundu, na jinsi macho yetu yalivyokutana, na kwamba niliinamisha kichwa baada ya kujua amenijua. Nikamwambia habari za ndege na kasuku na mchanga mdomoni. Nikamwambia maneno ambayo Nyaga alisema angeninyamazia.

Marigu hakuinua macho. "Rudia pale pa viatu," akasema.

Nikarudia.

"Kiatu gani ilikuwa na uzi?"

"Cha kushoto."

Mbuzi mmoja alikuja akala kunde kwenye ungo na hakumfukuza. Mwishowe akasema, "Hiyo uzi nilimpa mimi, ilitoka kwa nguo yangu ya harusi. Na mtu hawezi kujitengenezea uwongo mbaya kama hii."

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuchukua panga, na niamini, sikuinuka. Alitoka na wembe na kibuyu cha maji. Akaketi chini mbele yangu, akanipa mgongo.

"Mama," nikasema, "hii ni kazi ya wanawake wa ukoo. Ngoja nikuitie jirani."

"Wewe ndiye ulileta. Nyoa."

Mimi nimechinja kuku maelfu, lakini wembe ule niliushika kama mtu asiyewahi kushika kisu. Nilimwagia maji, nikaanza mbele ya paji. Nywele zilikuwa nzito, zina vumbi la barabara na majani, na zilidondoka juu ya vile viatu vyangu. Nikafika utosini. Hapo akaanza kulia. Ilikuwa sauti ndogo kwanza, kisha ikapanda, ikapanda, wanawake wakasikia mashambani wakaja mbio, wakamkuta mwanamume mgeni ameshika wembe na Marigu analia jina la mumewe. Hakuna aliyeuliza. Waliona kichwa, wakaelewa, wakaketi chini wakaanza kulia naye. Mimi nikamaliza kunyoa.

Alipopata kusema alisimama akanitazama usoni. Bila nywele alionekana msichana.

"Asante kwa kuleta," akasema. "Sasa enda. Sitaki kukuona tena."

Sikumwona tena. Baada ya uhuru nilikutana sokoni Meru na mzee aliyefungwa kambi ile ya kando ya reli. Nilimuuliza habari za Nyaga wa Kiritiri. Akasema alimzika kwa mikono yake, homa ya matumbo, shimo fupi, mchanga mtupu. Nikamuuliza lini. Akahesabu kwa mvua na kwa mavuno. Ilikuwa miezi minne kabla mimi sijapanda ndege.

Habari za gunia zilisambaa, kwa kuwa sikumkataza Marigu kuzisema, na ningemkatazaje? Ziliponifuata Kanyakine, mke wangu hakunifukuza. Alianza tu kunipakulia chakula peke yangu. Alikula na watoto kwanza, kisha akaniwekea sahani yangu mezani akatoka nje. Tuliishi hivyo miaka thelathini na zaidi, mpaka nikamzika. Kanisani benchi langu lina nafasi upande huu na upande huu. Silaumu mtu. Lakini usingizi ninaupata, na kabla ya kumnyoa yule mama sikuwa nikiupata.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliye na miguu bado. Kama kuna mtu anamngoja mtu, na wewe unajua hatarudi, ondoka leo ukamwambie, hata kama kusema kutakuvua nguo mbele ya dunia. Usingoje mpaka wafu wapande ndege kukutafuta. Na ukienda, usiende na nusu. Mimi nilikwenda na nusu, na mwanamke yule akangoja mvua tatu zaidi kwa sababu yangu.